Tope linaporudi: tuliyojifunza kwa kupitisha mabomba chini ya barabara Uganda

Wapita njia wakikuta mtambo wa kutoboa pembeni mwa barabara, wote hukodolea macho rodi zinavyozama ardhini. Fundi mzoefu hana habari na rodi. Amechuchumaa kwenye shimo la kuingilia, anatazama tope, yaani maji yaliyokorogwa na bentonaiti (udongo wa unga unaovimba) ambayo pampu huyapitisha kwenye rodi ili yarudi na udongo uliokatwa: linatoka kwa wingi gani, lina rangi gani, limebeba nini. Rodi huendelea kuingia hata mambo yakiwa yameshaharibika. Tope haliwezi kudanganya hivyo. Likikatika ghafla, ujue linatafuta mlango mwingine, na mara nyingi mlango huo ni katikati ya lami.

Kazi yenyewe ni kutoboa tundu jembamba chini ya barabara kwa rodi, kulipanua kwa rima, kile kichwa kinene cha kupanulia, kisha kuvuta bomba ndani yake. Hesabu zote zilizomo humu ni za kazi moja ya kawaida: bomba la maji la plastiki ya HDPE la milimita 160, daraja la PE100, SDR 11 (kipenyo ni mara 11 ya unene wa ukuta), linalopita chini ya barabara ya lami mjini Kampala, urefu wa kutoboa mita 60. Barabara yenyewe haifiki mita 20 kwa upana, na mteja huuliza hizo 40 nyingine ni za nini. Jibu liko kwenye pembe. Mtambo mdogo huingiza rodi ikiwa imeinama takriban digrii 12, yaani mteremko wa asilimia 21. Rodi za mita 3 hazipendi kupindishwa: ukibadilisha mteremko kwa asilimia 10 katika rodi moja umeshafika kwenye mzingo (nusu kipenyo cha mpindo) wa mita 30, na rodi nyingi ndogo mwisho wao ni hapo. Kwa hiyo tunabadilisha asilimia 8 tu kwa rodi. Ukipiga hesabu, kushuka hadi kina cha mita 3 na kunyooka kunakula karibu mita 20 za ardhi kabla hata hujaigusa barabara. Upande wa kutokea nao unataka nafasi yake. Pale ambapo maduka, steji ya boda na ukuta wa mtu vimeibana barabara, hiyo nafasi ndiyo inayoua mpango, wala si urefu wa bomba. Bomba lenyewe halina shida. HDPE hujipinda kwa mzingo wa mara 25 ya kipenyo chake, yaani mita 4 tu. La chuma ndilo la kuogopa, kwa sababu kanuni yake ni mara 1,200, hivyo bomba la chuma la milimita 200 linadai mzingo wa mita 240.

Kina cha mita 3 nacho hakikuchaguliwa kwa kupenda. Tundu la mwisho litakuwa na kipenyo cha milimita 250, na tunataka juu yake udongo usiopungua mara kumi ya kipenyo hicho. Ukipanda juu zaidi ili kupunguza gharama, lami itavimba kama andazi.

Kabla ya mtambo kushushwa kwenye lori kuna mashimo ya kupekua, ya kutafuta nyaya na mabomba yaliyokwishalala chini. Ramani huonyesha pale waya ulipopangwa kupita. Pale ulipolala ni habari nyingine. Siku hizi kuna na mkanganyiko wa wenyewe: mkataba wa kampuni ya Umeme uliisha tarehe 31 Machi 2025 na usambazaji wa umeme ukarudi kwa UEDCL, kampuni ya serikali, barabara kuu zilizokuwa za UNRA ziko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, mitaa ya jiji iko KCCA, maji ni NWSC, na nyaya za intaneti zina wenyewe kila kampuni. Barua zipelekwe kote, lakini usitoboe kwa kuamini majibu peke yake. Kila kitu kinachokatiza mstari wako kichimbwe kwa mkono mpaka kionekane kwa macho. Sululu iwekwe kando pindi udongo unapobadilika rangi, ukionyesha kuwa palishawahi kuchimbwa, au utepe wa plastiki unapojitokeza. Kuanzia hapo ni chepeo na subira.

Wengi hukosea baada ya hapo. Wakishauona waya wanarudishia udongo harakaharaka, bila kuushindilia, halafu wanatoboa chini yake. Udongo uliolegea ndio njia nyepesi kuliko zote ya tope kupanda juu. Shimo la kupekua lililo juu ya mstari liache wazi, lizungushie utepe, weka mtu na pampu ndogo hapo. Kichwa cha kutobolea kikipita chini ya waya utajua kimepita umbali gani, na tope likitaka kupumua litatokea mahali ulipolitayarishia.

Udongo wa Kampala unabadilika kwa kushuka kilima kimoja tu. Juu kuna maramu, nyekundu, na wakati wa kiangazi ni ngumu kama tofali. Katikati kuna udongo laini uliotokana na mwamba uliooza, na ndani yake mawe ya mviringo ambayo hayakuoza, mengine ukubwa wa sufuria, mengine ukubwa wa gari. Bondeni kuna mfinyanzi, na juu ya mfinyanzi kuna tabaka jeusi la mizizi ya mafunjo. Kila tabaka lina ugomvi wake.

Maramu inatafuna kichwa cha kawaida chenye ulimi bapa. Weka chenye meno ya kabidi, na usitegemee kukiongoza kwa kusukuma tu. Zungusha kidogo, sukuma kidogo, rudi. Tatizo kubwa ni pale unapotoka kwenye maramu ngumu kuingia udongo laini, au kinyume chake, kwa pembe ndogo. Kichwa hakikati mpaka huo, kinateleza juu yake kama kisu butu kwenye ganda la fenesi. Utasukuma kikiwa kimeelekezwa chini, mteremko utabaki palepale. Dawa ni kuuvuka mpaka mapema, ungali na mteremko mkali, na kunyooka ukiwa umeshazama kwenye tabaka moja.

Jiwe la mviringo halina ujanja mwingi. Ukilipiga, rodi zinatetemeka na mlio wa mtambo unabadilika. Rudi rodi mbili tatu, badilisha mwelekeo, pita pembeni. Anayeng'ang'ania huishia na tundu lililopinda ghafla, ambalo rodi zitapita lakini rima itakwama.

Kinamasi ndicho kinachodanganya zaidi, kwa sababu rodi zinaingia bila kazi yoyote. Pale Northern Bypass inapokatiza kinamasi cha Lubigi, au kwenye mabonde yanayoelekea Nakivubo, tabaka la mafunjo halina kitu cha kuegemea. Kichwa kinaongozwa kwa kuusukuma udongo. Udongo usiposhika, hakipindi. Tope nalo halina ukuta wa kulizuia, linatapakaa. Hapo shuka uende chini ya tabaka jeusi, kwenye mfinyanzi, hata ikiwa ni mita 5 au 6, na kama nafasi ya kuingilia haitoshi kushuka hivyo, sogeza mtambo nyuma au badilisha njia. Kupita katikati ya mafunjo kwa kuomba Mungu tumeona kunakoishia.

Sasa tope lenyewe. Kabla ya bentonaiti pima maji. Maji ya kisima yanaweza kuwa na chokaa, ya kinamasi yanaweza kuwa na asidi, na bentonaiti haivimbi vizuri katika yote mawili. Karatasi ya pH isome kati ya 8.5 na 9.5. Ikisoma chini, ongeza soda eshi, ndugu yake magadi ya kuchemshia maharage, nusu kilo kwa lita 1,000, koroga, pima tena. Halafu bentonaiti, halafu polima mwishoni. Polima ikitangulia inazivika chembe za bentonaiti koti, hazinywi maji tena, na tanki zima linakuwa maji machafu yaliyogharimu pesa. Kwenye mfinyanzi kilo 20 hadi 25 za bentonaiti nzuri kwa lita 1,000 zinatosha, pamoja na polima ya kuzuia udongo usivimbe na kuganda kwenye rima. Kwenye mchanga au maramu ya kokoto panda hadi kilo 30 au 40. Sabuni ya kufulia haifai kabisa: inatoa povu, na pampu ikivuta povu haivuti tope.

Kipimo cha mnato wa tope, yaani linavyotiririka kwa uzito au wepesi, ni faneli ya Marsh, kifaa cha plastiki kinachotosha kubebwa kwenye kikapu. Ziba mdomo kwa kidole, jaza tope mpaka kwenye wavu, achia, hesabu kwa simu sekunde ambazo chupa ya mililita 946 inachukua kujaa. Maji matupu ni sekunde 26. Kwenye mfinyanzi tunataka 35 hadi 45, kwenye kokoto na mchanga 60 au zaidi. Pima kila tanki jipya, na pima tena mvua ikinyesha, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba hujaza shimo la kuingilia kwa nusu saa na kulizimua tope unalolirudisha kwenye tanki.

Kutoboa tundu la kwanza kunategemea sondi, kile kitransmita kilichofichwa nyuma ya kichwa. Kabla hakijaingia, kilaze mahali pasipo chuma, simama na risiva, kile kipokezi cha mkononi kinachoisoma sondi, umbali wa mita 3 uliopimwa kwa futi kamba, irekebishe hapo, kisha rudi nyuma hadi mita 5 uone kama nayo inasoma 5. Isiposoma, usianze. Pia tembea mstari wote risiva ikiwa imewashwa na sondi imezimwa, uone kelele ziko wapi: nyaya za umeme, nondo za daraja, kalivati, kibanda cha mabati. Pale penye kelele ndipo kina kitakapokudanganya kesho. Kichwa kinaongozwa kwa namba za uso wa saa: kwenye 12 kinapanda, kwenye 6 kinashuka, kwenye 3 kulia, kwenye 9 kushoto. Kila rodi ikiisha, andika kina, mteremko na mwelekeo kabla ya kuunganisha nyingine. Mita 60 ni rodi 20, hivyo ni mistari ishirini ya daftari. Mwenye risiva anasimama barabarani, kwa hiyo kwenye barabara kama ya Jinja kazi hii ni ya usiku, na afande wa trafiki awe ameshajua.

Kupanua tundu ndiko kunakoharibu kazi nyingi, na sababu ni hesabu ambayo watu hawaipigi. Tundu la milimita 250 lina lita 49 kwa kila mita, hivyo rodi moja ya mita 3 ina lita 147 za udongo zinazotakiwa kutoka. Kwenye mchanga unahitaji tope mara moja au mbili ya ujazo huo. Kwenye mfinyanzi unahitaji mara tatu hadi tano. Chukua mara nne: lita 590 kwa rodi. Kama pampu yako inatoa lita 60 kwa dakika, rodi moja lazima ichukue karibu dakika 10. Mtambo wenyewe una nguvu ya kuivuta kwa dakika 3, na opereta aliyechoka ataivuta kwa dakika 3. Sasa udongo uliokatwa haujapata maji ya kuubeba, unajikusanya mbele ya rima kama kizibo, tope lililo nyuma ya kizibo linapanda shinikizo, na ardhi inapasuka. Mtambo haukukosea kitu. Kasi ya kuvuta huamuliwa na pampu, na ndiyo maana kwenye saiti nzuri opereta amebandika karatasi mbele yake: lita ngapi, dakika ngapi.

Ni hapa ndipo yule aliyechuchumaa shimoni anapofanya kazi yake. Anachota tope kwa kiganja na kulibana. Likitoka katikati ya vidole laini kama uji wa muhogo, na kuacha chembechembe ndogo za udongo, tundu linasafishwa. Akikuta vidonge vigumu vya ukubwa wa maharage, rima inakata lakini haichanganyi. Anapiga kelele, opereta anapunguza kasi, anaacha rima izunguke palepale dakika mbili. Likirudi jembamba kuliko lilivyoingia, kuna maji ya ardhini yameingia. Lisiporudi kabisa kwa muda wa rodi moja, hakuna mjadala: pampu inazimwa.

Tope likipasukia juu, zima pampu papo hapo na usisogeze chochote mbele. Rudisha rodi mbili ili kupunguza shinikizo, acha dakika ishirini au thelathini, zungushia magunia ya mchanga pale lilipotokea, livute kwa pampu. Ukianza tena, anza na tope zito na pampu polepole. Likitokea palepale mara ya pili, tundu hilo lina njia yake ya juu na litaitumia kila mara. Ni afadhali kuligeuza shimo rasmi la kunyonyea kuliko kupigana nalo. Kwenye mfereji au kinamasi lisiachwe lisambae. Bentonaiti si sumu, ila huziba matamvua ya samaki na kutuama, na NEMA, mamlaka ya mazingira, watakuja na hoja yao.

Hapo kuna jambo la bajeti ambalo zabuni nyingi hulisahau. Rodi 20 mara lita 590 ni karibu lita 11,800 za tope, ukijumlisha na udongo uliokatwa unapata zaidi ya mita za ujazo 14 za kuondoa. Magari ya kunyonya vyoo mengi hukataa kulibeba kwa sababu linaganda ndani ya tanki. Tafuta mahali pa kulikausha kabla ya siku ya kazi. Anayetafuta saa kumi na moja jioni mwisho wake huwa ni mfereji wa jirani.

Bomba huchomelewa siku moja kabla. Sahani ya moto iwe nyuzi 200 hadi 230, ncha zikwanguliwe, na kwa ukuta wa milimita 14.6 kiungo kipoe kikiwa kimebanwa kwa dakika 18 hivi. Kijana wa kuchomelea atataka kufungua kwa dakika 10 kwa sababu kinaonekana kimekauka. Kwa ndani bado ni laini. Jenereta dogo linaloendesha na taa na grainda hushusha umeme, na sahani nayo inapoa bila mtu kujua, kwa hiyo ipe jenereta lake. Kapla za umeme, vile viungio vinavyovishwa juu ya bomba na kuchomelewa kwa umeme, zisiwe kwenye sehemu itakayovutwa. Ni nene kuliko bomba na zitakwaruza tundu lote. Jaribu bomba kwa shinikizo likiwa juu ya ardhi, kwa sababu kugundua kuwa linavuja likiwa chini ni kutoboa upya.

Nguvu ya kuvuta ina kikomo. PE100 kwa nyuzi 20 inaruhusu takriban newtoni 10 kwa milimita ya mraba ikiwa kazi haizidi nusu saa. Kwa bomba hili ni kilonewtoni 66, tani 6.7. Ikizidi nusu saa, toa asilimia 10. Bomba jeusi likikaa juani mpaka likafika nyuzi 40, kikomo kinashuka hadi asilimia 70, yaani tani 4.7. Mtambo wa tani 10 unaweza kulivuta maradufu ya hapo bila hata kuguna, na bomba lililonyooshwa kupita kiasi halikatiki siku hiyo. Linakonda, na linapasuka baada ya muda. Funika bomba kwa turubai, vuta asubuhi, weka kiungo dhaifu mbele kinachokatika kabla ya bomba, na swiveli ili rima ikizunguka bomba lisizunguke nayo. Likishaanza kuvutwa lisisimame. Chakula kiliwe kabla.

Mabomba makubwa yana shida nyingine: yanaelea. La milimita 400 likiwa tupu ndani ya tope linasukumwa juu kwa zaidi ya kilo 100 kila mita, linasugua paa la tundu. Tunalijaza maji linapoingia, uzito wa kuelea unabaki kama kilo 20. La 160 halina haja hiyo kwa mita 60.

Haya yote ni kwa maji yanayosukumwa, si kwa majitaka yanayoteremka yenyewe. Mteremko wa 1 kwa 200 ni sentimita moja na nusu kwa rodi ya mita 3. Sondi ya kawaida husoma kwa asilimia nzima, na asilimia moja katika rodi hiyo ni sentimita 3. Kosa limeshazidi mteremko wenyewe, na maji yatatuama tumboni mwa bomba. Kazi hizo ni za kusukuma bomba kwa jeki kutoka shimo hadi shimo, kwa leza, na bei yake ni nyingine. Mabomba ya zege ya mita 1 kwa ndani yakisukumwa kwenye mfinyanzi bila kilainishi yanaweza kudai karibu tani 4 za jeki kwa kila mita, kwa hiyo bentonaiti inarudi tena, safari hii kama grisi kuzunguka bomba. Na usisimamishe usiku kucha: udongo hulishika bomba, asubuhi jeki zinaguna. Mashimo yake huwa marefu na kwenye mabonde yana gesi. Hakuna kushuka bila kupima: oksijeni isipungue asilimia 19.5, na kengele ya gesi ya mayai viza iwekwe ilie kwenye 10 kwa milioni.

Kwa upande wa pili kuna fuko, lile kombora la upepo la kupitishia bomba la nyumbani la milimita 25 hadi 63. Linafanana na mnyama aliyelipa jina: linakwenda linakotaka. Halina usukani, kwa hiyo lilenge vizuri shimoni kwa rula na pima maji, lisizidi mita 15, na liwe chini mara kumi ya kipenyo chake au zaidi. Kwenye maramu yenye mawe usilitumie kabisa. Tumewahi kuona lilivyoibuka kwenye uwanja wa mtu.

Bomba likishatokea upande wa pili, kagua mita 2 au 3 za mbele kwa kitambaa na kucha. Mkwaruzo wenye kina cha zaidi ya asilimia 10 ya ukuta, hapa karibu milimita 1.5, unatosha kulikataa. Acha mita moja na nusu ya ziada kila upande na usikate wala kuunganisha mpaka kesho yake, kwa sababu bomba lililonyooshwa hurudi nyuma usiku. Kwenye jaribio la shinikizo, sindano itashuka mwanzoni hata kama hakuna kinachovuja, HDPE inatanuka. Ongeza maji, subiri, ongeza tena, ndipo uanze kuhesabu muda. Zile rodi ishirini za kwenye daftari, kina na mahali pake, zichorwe siku hiyohiyo na zipelekwe kwa mwenye barabara na mwenye bomba, maana mwakani kuna kampuni ya nyaya itakayochimba shimo la kupekua palepale.